Magunia -7: nilivyoisingizia LLVM wiki mbili nzima

Sijaandika hapa siku nyingi, mtanisamehe, nilikuwa nimezama kwenye kitu kilichoninyima usingizi na kama kuna mtu anachezea mambo ya kompaila (programu inayogeuza kodi unayoandika iwe maelekezo ya chip) huenda kikamwokolea muda, na kama hachezei basi asome tu ajue wenzake wanateseka vipi.

Ilianza hivi. Mjomba wangu ananunua dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Wanakuja wakavu kutoka visiwani, wanajazwa kwenye magunia, wanapimwa, wanapakiwa kwenye fuso, wanaondoka. Mzani wake ni wa kidijitali na una kiwaya cha kutolea namba, mi nikamwambia anko ngoja nikuunganishie na kikompyuta kidogo, Raspberry Pi, kikuhesabie na kukuprintia risiti. Hapo mtu mwenye akili timamu angeandika Python mistari hamsini akaenda kulala. Mimi nikasema hapana, sheria za mjomba zinabadilika kila siku, leo gunia linakatwa kilo moja, kesho mbili kwa sababu dagaa walianikwa kwenye mchanga, keshokutwa kuna mteja wa Kongo ana makubaliano yake, kwa hiyo namtengenezea kilugha cha Kiswahili, sheria ziwe zinaandikwa humo na mtu yeyote anayejua kusoma. Nikakiita Kokoro. Watu wa kanda ya ziwa mshacheka. Kwa wasiojua, kokoro ni ule wavu wa kuburuta mpaka ufukweni, umepigwa marufuku kwa sababu haubagui, unazoa mpaka vitoto vya samaki. Jina lilikuja kunifaa kuliko nilivyotegemea maana Kokoro yangu ilizoa bagi, yani makosa ya programu, za kila saizi.

Na sikutaka kilugha kinachosomwa mstari kwa mstari huku kikitekelezwa, nilitaka itoke mashine kodi kabisa, maelekezo ambayo chip inayaelewa moja kwa moja. (Nikisema kodi humu ni ile ya kompyuta, watu wa mapato msinitafute.) Sababu? Sina. Nilitaka kuijua LLVM, basi.

LLVM ni fremuweki ya kujengea kompaila. Chris Lattner aliianza mwaka 2000 akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani, mwalimu wake akiwa Vikram Adve, toleo la kwanza likatoka 2003, na leo Clang, Rust, Swift na Julia zote zinasimama juu yake. Kazi yako wewe ni kusoma lugha yako na kuigeuza kuwa IR, lugha ya katikati, halafu wao ndio wanajua kuisafisha, kuifupisha na kuigeuza iwe maelekezo ya chip yoyote, iwe x86 ya laptopu yangu au ARM ya ile Pi ya mjomba. Ukisoma inavutia kweli, unaona kabisa wikiendi moja inatosha.

Siku ya kwanza mwaloni nilienda na sheria moja nyepesi, hesabu magunia yaliyofika uzito. Kwenye Kokoro niliandika `jumla = jumla + (uzito >= 30)`, nikijua kulinganisha kunatoa kweli au uongo, na kweli ni 1. Yakapimwa magunia saba mazuri tu, yote yamefika. Risiti ikatoka imeandikwa magunia -7. Mjomba akaigeuza geuza ile karatasi, akavaa miwani, akaniangalia.

"Anko, kwa hiyo nadaiwa magunia saba?"

Wapakizi walicheka mpaka mmoja akashusha gunia.

Nikarudi nyumbani na jambo la kwanza nililofanya, nakiri mbele yenu, ni kutafuta mtandaoni kama LLVM ina bagi kwenye kujumlisha. Yani kitu kinachokompaili nusu ya dunia kishindwe kujumlisha moja na moja mpaka mimi wa Kirumba nije nikigundue. Tatizo lilikuwa neno moja. Kulinganisha kunatoa i1, namba ya biti moja, na ili uijumlishe na i32, namba ya biti 32, lazima uitanue, na kuna njia mbili za kutanua. `zext` inajazia sifuri kwa juu. `sext` inachukua biti ya ishara, ile ya juu kabisa inayosema hasi au chanya, inainakili mpaka juu. Sasa namba yenye biti moja, biti ya ishara ni ipi? Ni hiyo hiyo moja! Kwa hiyo kweli ikitanuliwa kwa `sext` inakuwa moja thelathini na mbili zimejipanga, ambayo kwa namba zenye ishara ni -1. Mara saba. Mimi nilikuwa na kifunksheni kimoja nimekiita `tanua` nakitumia kwa kila kitu.

Na hapo ndo nikaelewa kitu ambacho nilikisoma nikakipita, kwamba kwenye IR namba haina hasi wala chanya. i32 ni biti 32, basi, hasi na chanya vinakaa kwenye operesheni, ndo maana kuna `sdiv` na `udiv` (kugawa kwa ishara na kugawa bila ishara), kuna `slt` na `ult` (kulinganisha hivyo hivyo). IR haikuulizi ulimaanisha nini. Ukiiambia sext inafanya sext.

Jumapili nikamsimulia mjomba, siyo hayo ya biti, nikamwambia tu kwamba nilihangaika kutafuta kosa kwenye mtambo wa watu kumbe liko kwangu. Mjomba kabla ya dagaa alikuwa anakusanya sangara visiwani anapeleka kiwandani, akaniambia kitu ambacho sasa nimekibandika ukutani. Akasema, "Samaki akikataliwa pale getini kila mtu anasema kiwanda kinaonea. Mimi nilikuwa narudi nyuma. Getini nafungua shavu, limepauka. Haya, alivyopakiwa kwenye gari lilikuwaje? Alivyoshushwa mwaloni lilikuwaje? Unarudi hivyo hivyo mpaka unafika kwenye mtumbwi wako mwenyewe, barafu uliyobeba haikutosha." Halafu akaagiza soda, kwake yalikuwa mazungumzo ya kawaida.

Kodi nayo ina njia yake kutoka ziwani mpaka getini. Inatoka kwenye kilugha chako ikiwa IR mbichi, inapita kwa optimaiza inakuwa IR iliyosafishwa, inaingia kwenye sehemu ya kuchagua maelekezo ya chip na kugawa rejista (vihifadhi vidogo ndani ya chip), inatoka asembli (maelekezo ya chip kwa maandishi), inaunganishwa na laibrari za C, inakuwa programu. Kila kituo unaweza kusimama ukafungua shavu. Tangu siku ile Kokoro ikizingua nafanya hivyo, natoa IR mbichi naiweka kwenye faili kabla haijaguswa na mtu, naiendesha kwa `lli` (inayoendesha IR hapo hapo) au naipitisha `llc -O0` (`llc` inageuza IR iwe asembli; -O0 ni bila kusafisha, -O2 ni kusafisha sana), na kama jibu ni baya hapo hapo basi sina cha kumlaumu mtu, kaozea mtumbwini kwangu. Kama ni zima hapo nasogea kituo cha pili, `opt -O2`, yani optimaiza yenyewe, naendesha tena. Kama bado zima nahamia `llc` yenyewe, nalinganisha -O0 na -O2 maana ngazi hizo mbili hazipiti njia moja, na naongeza `-verify-machineinstrs` ili ikague na kule chini kwenye maelekezo ya mashine. Hesabu yangu mpaka leo: kule `llc` sijawahi kukuta kosa ambalo halikuwa langu. Sisemi LLVM haina bagi, zipo na zinaripotiwa kila siku, ila siyo mimi ninayezikuta.

Kitu kingine nilichokuwa nakidharau ni mkaguzi. LLVM ina mkaguzi wake wa IR, unaita `verifyModule` au unapiga `opt -passes=verify`, anakuambia hapa umekosea na sababu. Mimi nilikuwa natumia API moja kwa moja bila kumwita, na ukienda kwa njia hiyo hajileti mwenyewe, usipomwita anakaa kimya kodi inapita. Matokeo yake kompaila yangu ilikuwa inakufa katikati ya safari na segfolti (programu kugusa memori isiyo yake), sehemu ambayo haihusiani kabisa na kosa lenyewe. Nilivyomwita siku ya kwanza alinipa malalamiko kama ya mwenye nyumba. Bloku hii (kipande cha maelekezo yanayofuatana) haina mwisho. Bloku ile ina mwisho katikati, maana nilikuwa naweka `ret` ya rudisha halafu naongeza na `br`, ya kurukia bloku nyingine, nyuma yake. Thamani hii inatumika kabla haijazaliwa. Nyingi nilizimaliza jioni moja.

Moja ikakaa siku tatu, ile ya fai. Kwenye IR jina linapewa thamani mara moja tu haligeuzwi, sasa ukiwa na kama na la sivyo ambazo kila moja inatoa bei yake, pale njia mbili zinapokutana unaweka fai, inayosema: ukitokea bloku hii chukua thamani hii, ukitokea ile chukua ile. Vizuri. Mimi nilikuwa natengeneza bloku ya la sivyo, naikumbuka, natoa kodi iliyomo ndani yake, halafu kwenye fai naandika "ukitokea bloku ya la sivyo". Ikifanya kazi vizuri kabisa mpaka mjomba alipotaka daraja la tatu la dagaa, yani ndani ya la sivyo kukawa na kama nyingine. Sasa ukimaliza kutoa kodi ya ile kama ya ndani haupo tena kwenye bloku uliyoanzia, upo kwenye bloku ya makutano ya ile ya ndani. Fai yangu ya nje ilikuwa inamsubiri mgeni stendi ya Nyegezi wakati ameshukia Buzuruga. Mkaguzi alisema wazi kwamba maingizo ya fai hayalingani na bloku zinazoingia, ni mimi tu nilikuwa naangalia fai badala ya kujiuliza sasa hivi nimesimama bloku gani. Dawa ni mstari mmoja, baada ya kutoa kodi ya tawi unauliza upya `GetInsertBlock()` na jibu hilo ndo unalipeleka kwenye fai. Mafunzo rasmi ya LLVM ya lugha ya Kaleidoscope yameeleza hili kabisa, nililisoma, nikasema sawa sawa, nikaliruka.

Baada ya hapo nikaamua kuijenga LLVM mwenyewe kutoka kwenye sosi (kodi yake ya asili), ikiwa na asesheni (ukaguzi wa ndani wa LLVM yenyewe) zimewashwa, `LLVM_ENABLE_ASSERTIONS=ON`, kwa sababu ile niliyoweka kwa apt ilikuwa imezimiwa asesheni, kwa hiyo ukijumlisha i32 na i64 kwa bahati mbaya inakuachia uende ukaanguke mbele ya safari. Ikiwa na asesheni inakusimamisha pale pale. Ila kuijenga, jamani. Laptopu yangu ina memori ya giga 8. Jaribio la kwanza nilifika kwenye kuunganisha ikaganda mpaka mausi ikakataa kusogea, kuunganisha ndo kunakula memori kuliko kukompaili. Jaribio la pili nikawekea `LLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1` iunganishe moja moja, nikachagua chip mbili tu X86 na AArch64 badala ya zote, nikatumia lld, kiunganishi cha LLVM wenyewe, nikaiacha usiku. Nikakaa dirishani nakunywa chai naangalia ziwa, lilikuwa giza la mwezi kwa hiyo taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa nyingi huko mbali utadhani kuna mji mwingine juu ya maji, nikasema kesho asubuhi nina LLVM yangu. Saa nane usiku umeme ukakatika. Betri ya laptopu yangu inadumu dakika kumi na moja. Jaribio la tatu likakubali, ninja, kile kinachosimamia ujenzi, inaendelea ilipoishia kwa hiyo siyo kila kitu kilipotea, na ushauri wangu kwa wenye bando la kuhesabu ni `git clone --depth 1`, msivute historia yote ya mradi tangu enzi hizo mnaitakia nini.

Sasa nije kwenye yale mawili yaliyonitoa jasho.

La kwanza. Kokoro iko kwenye Pi, mjomba anaanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, kila kitu safi. Ikifika kwenye saa nne kasoro, inakufa. Anaiwasha upya, inaenda. Kesho yake tena, saa nne kasoro. Mjomba akaanza kusema ni joto, akakifunika kile kikompyuta na kipande cha boksi, siku ya tatu akakihamishia kwenye kivuli cha fuso. Mimi nikikiendesha nyumbani dakika tano, kumi, nusu saa, hakina shida yoyote, nikarudi kwenye tabia yangu nikasema hii ni backendi (upande wa LLVM unaotoa maelekezo ya chip) ya ARM, kwenye x86 hamna hiki kitu.

Nikafungua shavu. IR mbichi, funksheni kuu, ndani ya lupu ya kusoma mzani kuna `alloca`. Alloca ni kuomba nafasi kwenye staki, eneo la memori ambalo funksheni inafanyia kazi, na nafasi hiyo hairudishwi mwisho wa mzunguko wa lupu, inarudishwa funksheni ikitoka. Na funksheni kuu ya mjomba haitoki, inazunguka toka asubuhi mpaka jioni! Kila mzunguko inaomba nafasi mpya ya rekodi ya kipimo, baiti 64, na mzani unasomwa mara kumi kwa sekunde. Fanya hesabu: baiti 640 kila sekunde, staki ya Linux kwa kawaida ni mega 8, zinaisha baada ya sekunde elfu kumi na tatu na mia moja, ambayo ni saa tatu na dakika thelathini na nane. Saa kumi na mbili asubuhi ukiongeza hizo unapata saa nne kasoro. Nilipoona namba zimekaa hivyo nilisimama nikazunguka chumba.

Nilikuwa nategemea optimaiza itaziondoa zile alloca maana ndo kazi yake, inazigeuza kuwa rejista. Ila inaweza kuondoa ile ambayo anwani yake haijatoka nje, na mimi hii poinita, yani anwani yenyewe, nilikuwa naikabidhi kwa funksheni ya C inayosoma mzani, sasa itajuaje yule C anaenda kuifanyia nini. Na hata zile inazoziweza, inazitaka ziwe kwenye bloku ya kwanza kabisa ya funksheni. Kwa hiyo sheria niliyojiwekea, alloca zote bloku ya mwanzo, hata kama kigezo kimeandikwa ndani kabisa ya lupu ya tatu. Mjomba nimemwambia lilikuwa tatizo la programu lakini lile boksi hajalitoa, anasema tangu aliweke haijazima tena, na kweli haijazima.

La pili ndo lile la wiki mbili. Nilisoma mahali kwamba ukizipa funksheni zako `fastcc`, mtindo wa kuitana wenye haraka zaidi, badala ya ule wa kawaida wa C, zinaenda kasi. Nikazipa. Kwenye -O0 kila kitu kikaenda vizuri. Kwenye -O2 programu ikawa inaprinti mstari wa kwanza, halafu inaprinti vitu vya funksheni nyingine kabisa ambayo hakuna aliyeiita, halafu inakufa. Nikafungua asembli, funksheni kuu ilikuwa haina mwisho! Haina `ret`, haina kuruka popote, maelekezo yanaishia hewani na chip inaendelea tu kutembea mpaka kwenye funksheni ya jirani. Nikasema sasa hii siyo mimi. IR mbichi inafanya kazi, mkaguzi amepitisha, asesheni kimya, optimaiza inakata mkia wa funksheni. Nimeikamata.

Kuna kitu kinaitwa `-opt-bisect-limit`, hiki kama hukijui kijue leo. Optimaiza ni mlolongo wa pasi, yani hatua za kusafisha, pasi baada ya pasi, na hii inakuruhusu kusema fanya mpaka namba fulani halafu acha. Kwangu zilikuwa mia nne na kitu. Unajaribu 200, nzima, unajaribu 300, mbovu, 250, unagawa nusu kwa nusu, mara tisa nikawa nimefika kwenye pasi moja, instcombine. Kabla yake jibu zuri, baada yake jibu bovu. Nikapiga na `-print-changed` nione inafanya nini, na kweli, ilikuwa inachukua mwito wangu wa funksheni inautupa na kuweka kitu cha ajabu pale, kuandika kwenye anwani isiyo na maana, halafu pasi ya mbele, simplifycfg, ikiona hilo inaweka `unreachable`, yani hapa hapafikiki, na yote yaliyofuata yanafutwa.

Nikaanza kuandika ripoti ya bagi. Kwa adabu kabisa. Ili niambatanishe mfano mdogo nikatumia `llvm-reduce`, unaipa faili lako na skripti ya kusema "bado ni mbovu", inakata, inajaribu, inakata, yenyewe. Faili langu la mistari elfu mbili likarudi mistari kumi na moja. Na kwenye mistari kumi na moja hakuna pa kujificha. Juu: `define fastcc void @jumla()`. Chini: `call void @jumla()`. Funksheni imeandikwa fastcc, anayeita hajaandika. Kwenye LLVM mtindo wa kuitana unauweka sehemu mbili, kwenye funksheni na kwenye kila mwito, na mimi `setCallingConv` niliiweka juu tu.

Ikabidi nitafute kwa nini basi mkaguzi asiseme. Jibu liko kwenye maswali yanayoulizwa mara kwa mara ya LLVM yenyewe, swali lenyewe limeandikwa kama vile mtu alikuwa amekaa chumbani kwangu: kwa nini instcombine na simplifycfg zinageuza mwito wenye mtindo usiolingana kuwa unreachable, na kwa nini mkaguzi asiukatae. Wanasema kuita kwa mtindo usiolingana hakuna maana iliyoainishwa, kwa hiyo optimaiza ina haki ya kudhani hapafikiki, na mkaguzi hawezi kukataa kwa sababu kodi halali inaweza kuja kuzaa mwito wa namna hiyo sehemu ambayo kweli haitafikiwa, baada ya funksheni moja kumiminwa ndani ya nyingine. Nikaelewa. Sikufurahi ila nikaelewa. Kwenye -O0 ilikuwa inaenda kwa bahati, funksheni zenye vigezo vichache mitindo yote miwili inatumia rejista zile zile. Ile ripoti nikaifuta.

Vingine vilivyobaki havina stori ndefu. Mifano mingi mitandaoni ina `i32*`, hizo ni za zamani, toka LLVM 15 ya 2022 poinita zote kwa kawaida ni `ptr` tu na kwenye 17 zile za zamani zimeondolewa kabisa, usiumize kichwa kuzirekebisha. Na weka mpangilio wa data, yani namna namba zinavyokaa kwenye memori, wa chip unayolenga kwenye moduli yako kabla ya optimaiza haijagusa kitu, mimi niliacha wazi, na usipoweka LLVM inachukulia i64 inaweza kukaa kila baiti 4 wakati C kwenye Pi inaiweka kila baiti 8, kwa hiyo nilikuwa nasoma nusu ya uzito na nusu ya tarehe.

Ya mwisho ilikuwa bei. Hela ya kupakia inatoka 0.00, kila risiti 0.00. Nilikuwa napeleka `float` (namba ya desimali ya biti 32) kwenye printf, funksheni ya C ya kuprinti. Kwenye C ukiipa printf float kompaila ya C inaitanua kimya kimya iwe double, ya biti 64, wewe hata hujui kama ilifanyika, ila ukitoa IR mwenyewe hakuna wa kukutanulia, printf inasoma biti 64 na wewe umeweka 32, zile za juu sifuri, inapata namba ndogo isiyoonekana. Nikaweka `fpext`, ya kutanua float iwe double, ikaisha.

Juzi Jumamosi nikashuka mwaloni na kila kitu kimerekebishwa. Magunia saba tena, kwa makusudi, nilimwomba. Kila moja shilingi 500 ya kupakia. Risiti ikatoka: magunia 7, kupakia 3500.00. Nikamkabidhi mjomba kama cheti. Akavaa miwani.

"Magunia sawa. Ila anko, hawa vijana hapa umewaandikia laki tatu na nusu?"

"Hapana mjomba, hiyo nukta ni ya senti."

"Senti za wapi?"

Wapakizi wakaja kuangalia, mmoja akaipiga picha ile risiti na simu, akasema yeye anaidai kama ilivyoandikwa. Leo nimekaa nabadilisha hela zote ziwe i64, na tayari kuna sehemu moja nimeweka `udiv`, nasubiri mteja arudishiwe chenji nione.